Dokta anataka fomu za fildi na zangu zimelowa. Nifanyeje wakuu?

kaa_mwanafunzi (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa tatu, sayansi ya viumbe, chuo kimojawapo hapa nchini. Utafiti wangu ni wa kaa wa mikoko: nimehesabu mashimo yao kwenye mikoko iliyokatwa na isiyoguswa. Ploti 45 za mita moja ya mraba. Kunduchi 15, Mbweni 15, Bagamoyo 15. Uchambuzi tayari, matokeo yamekaa vizuri, nimebakiza kufunga kitabu.

Jana supavaiza kanipigia. Jumatatu anataka fomu zote za fildi, zile zenyewe za penseli, Excel hataki. Za Bagamoyo zililowa kwenye mtumbwi. Nikizinakili upya kutoka Excel kwenda fomu safi, ni kosa? Au kuna namna ya kumwelewesha? Usiku silali.

Ngoja_Waje
Nakaa hapa mbele, karanga zangu mkononi.

Mzee wa Mitego
Umenikumbusha mbali, mdogo wangu. Sisi tulipelekwa milima ya Uluguru kutega panya. Mitego 100, chambo siagi ya karanga na dagaa, siku tano mfululizo. Tukapata panya watatu! Na mmoja alikuwa yule yule wa jana, tulimpunguza manyoya ubavuni tukamtambua, kwa hiyo andika wawili. Mitego sita ikaibwa, tukaja kuikuta kijijini mama mmoja anahifadhia mayai. Nikaandika panya wawili, supavaiza akacheka mpaka akavua miwani, nikapata B. Huyo mama wa mayai naye ana kisa chake, nikipata nafasi nitakileta.

Dada Jojo
Usinakili. Fomu iliyolowa inaanikwa, inapelekwa hivyo hivyo na matope yake. Hakuna supavaiza wa ikolojia asiyejua karatasi iliyolowa. Penseli haifutiki kwa maji, ndiyo maana mnaambiwa msitumie kalamu ya wino.

fuga_kuku_tz
Kijana, mashimo ya kaa yatakupa ugali? Rudi nyumbani anza na vifaranga 200. Mimi cheti changu kipo chini ya godoro tangu 2014.

Bwana Takwimu
Nina swali moja kwa mleta mada. Katika ploti 15 za Bagamoyo, ngapi zina sifuri?

kaa_mwanafunzi
Asante dada Jojo, ila zimelowa vibaya, hazifai hata kuanika.
@Bwana Takwimu hakuna yenye sifuri. Ya chini ni 11, ya juu 19. Kwani kuna tatizo?

Bwana Takwimu
Na Kunduchi? Na Mbweni?

kaa_mwanafunzi
Kunduchi sifuri nne, Mbweni tatu. Bagamoyo mazingira ni mazuri zaidi.

Bwana Takwimu
Mkuu, kaa hawakai kama viti vya ukumbini. Wanajikusanya. Ploti hii unakuta mashimo 40, ya jirani hakuna kitu, kisa mzizi au kidimbwi tu. Hesabu za wanyama wa namna hii mtawanyiko wake huuzidi wastani kwa mbali. Zako za Bagamoyo zimejipanga kama gwaride la Uhuru. Sijasema neno, nauliza tu: ulifika?

kaa_mwanafunzi
Nilifika, tena kwa taabu! Siku ya mwisho nilikodi mtumbwi. Saa kumi jioni nilikuwa ploti ya 15, kule mbele kabisa kwenye mililana, nimechuchumaa nahesabu, tope hadi magotini. Tukarudi usiku, mwezi mpevu unawaka kama taa za uwanjani, ndipo wimbi likatupiga na mkoba ukalowa. Mtu asiyejua fildi asinihukumu.

Mama Salma
Pole mwanangu. Ila watoto wa siku hizi mnapenda njia ya mkato. Zamani tulikuwa tunanakili kitabu kizima cha maktaba kwa mkono.

Nahodha Mstaafu
Nimesoma kimya kimya, sasa naomba nafasi. Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa. Siku za bamvua pwani yetu hii maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamejaa pomoni. Tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu. Mlilana ndio mti wa mbele, unaoonja bahari kabla ya mkandaa na mchu wa huku nyuma. Saa kumi jioni ya siku hiyo wewe umechuchumaa hapo? Ulikuwa unahesabu mashimo kwa kupiga mbizi?
Hii ni chai, tena haina sukari.

Ngoja_Waje
😂😂😂 Karanga zimeniingilia puani.

kijiwe_nongwa
Nilisema mimi! Hakuna mwanafunzi wala Dokta hapa. Huyu ni mtunzi anatafuta wafuasi, kesho ataleta sehemu ya pili "nilivyoolewa na supavaiza". Modi, hamishia uzi huu jukwaa la hadithi.

Mzee wa Mitego
Sasa na mimi nimesimulia panya wangu kwa uchungu wote kumbe naongea na chai?

kaa_mwanafunzi
Sio chai. Ngojeni.

Chai ni Bagamoyo peke yake. Kunduchi na Mbweni nilikwenda kwa miguu yangu, fomu ninazo, zina damu ya mbu. Bagamoyo boom (pesa ya mkopo wa chuo) lilichelewa, pesa ya nauli na mtumbwi sikuwa nayo, na tarehe ya kukabidhi ilikuwa imefika. Nikajaza. Sikutoa kichwani hivi hivi, niliangalia wastani wa Mbweni nikapandisha kidogo. Kaa ni kaa, wangekuwa hapo hapo tu. Na kusema ukweli, nikitoa Bagamoyo p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hii kwa bahati tu, inapanda kutoka 0.003 hadi 0.11. Miaka mitatu yote iishie "hakuna tofauti"? Chuoni wanapika wengi, mimi ndiye niliyeitwa.

Bwana Takwimu
0.11 kwa ploti 30 si aibu. Aibu ni hiyo 0.003.

Mwana wa Gazi
Salamu kutoka Kwale, Kenya. Huku Gazi tuna Mikoko Pamoja, tangu 2013 kijiji kinauza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Pesa yake imeleta maji na vitabu vya shule. Na pesa hiyo inatoka kwa sababu kuna watu wanaoingia topeni kupima miti, mmoja baada ya mwingine. Mtu akikaa nyumbani akajaza fomu, siku wanunuzi wakija kukagua, ni mama yangu anayerudi kuteka maji kisimani. Wewe unasema kaa ni kaa. Hao kaa ndio wanaotoboa tope hewa ikapita, ndio wanaozika majani. Lakini endelea tu, bro.

kaa_mwanafunzi
Yangu ni ripoti ya digrii ya kwanza, inawekwa kabatini. Hakuna atakayeisoma.

Dada Jojo
Kama inawekwa kabatini, Dokta anataka fomu za nini? Hilo hujatuambia. Mimi nasimamia wanafunzi, hatuombi fomu kwa kujifurahisha.

kaa_mwanafunzi
Kuna mwanafunzi wake wa uzamili. Mwezi ujao anarudi kwenye ploti zangu zile zile kuhesabu upya, waone mabadiliko. Dokta alisema ataniweka jina kwenye makala.

Nahodha Mstaafu
Zile zile? Za Bagamoyo pia? Atazipataje?

kaa_mwanafunzi
Nilimpa pointi za GPS.

Bwana Takwimu
GPS ya wapi, na hukwenda?

kaa_mwanafunzi
Nilibofya kwenye Google Earth. Palipo na kijani.

fuga_kuku_tz
Vifaranga 200, mdogo wangu. Ofa bado ipo.

Dada Jojo
Sikiliza. Usisubiri Jumatatu, mpigie kesho asubuhi. Mwambie Bagamoyo hukufika, ripoti ni ya maeneo mawili na ploti 30, na jina lako litolewe kwenye makala mpaka yeye aamue. Atakasirika, labda utarudia. Mwenzio akienda huko na pointi zako hutaumia wewe peke yako.

kaa_mwanafunzi
Nikirudia mwaka baba hatanielewa. Kwani siwezi kukopa nauli niende Bagamoyo kesho kutwa nikahesabu kweli, kimya kimya, halafu nibadilishe namba?

Nahodha Mstaafu
Kesho kutwa maji mafu, hayakupwi sana, hata huko mbele hutafika vizuri. Lakini kabla hujakopa, fungua hiyo ramani yako uikuze, uone ulipobofya.

kijiwe_nongwa
Bado nasema chai.

kaa_mwanafunzi
Nimefungua.

Ploti ya 11 ipo katikati ya jaruba la chumvi.

Nahodha Mstaafu
Uliandika mashimo mangapi?

kaa_mwanafunzi
14.