Naomba ushauri: kisu cha kukunja kinatosha, au ninunue plaizi yenye vifaa vyote?

Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi friji hapa Tanga, nazunguka kwa pikipiki. Mwaka wa tatu huu natembea na kisu kidogo cha Victorinox, kile chekundu cha Uswisi. Kinamenya waya, kinafungua maboksi, na saa sita kinamenya chungwa (nikishakifuta, msinicheke).

Juzi njiani Muheza waya wa klachi ulilegea. Nati ikanishinda kwa vidole, kisu hakina cha kuishikia. Nikasukuma pikipiki juani hadi nikapata mwenye plaizi.

Sasa naitamani Leatherman Wave: plaizi, visu viwili, msumeno, tupa, mkasi. Ila ina gramu kama 240, mfukoni si suruali itashuka?

Mlioitumia huku pwani, maungio hayaliwi na kutu kwa hii hewa ya chumvi? Changu nakitia oili ya cherehani kila Jumapili. Na mkifika getini kwa walinzi mnaiachaje? Mimi hapo juzijuzi kisu changu nusura kisirudi.

Feki nazo naomba mnielekeze kuzitambua kabla sijatoa hela.