MREJESHO: injini ya dizeli 4BD1T ya lori la Isuzu NPR ndani ya Land Cruiser 60

Habari wakuu. Niliuliza kuhusu injini hii kuwaka kwa shida asubuhi, kuunguruma mno barabara kuu na kutikisa bodi. Asanteni sana, mawili kati ya hayo yameisha.

Aliyesema niangalie volti alipatia. Stata na alteneta nilishabadili kuwa za volti 12, ila plagi za kupasha moto zilibaki za 24. Ukizipa volti 12 zinapata robo tu ya nguvu yake, si nusu, ndiyo maana hazikuiva. Nimefunga za 12, sasa inawaka mara moja.

Kwa kuunguruma, gia za diff (za kwenye ekseli) nimetoa za uwiano wa 4.11 nikaweka za 3.70, mbele na nyuma. Msibadili upande mmoja, mtavunja transfa (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma) mkiingiza 4x4. Kwa tairi za kipenyo cha sentimita 78, gia ya nne, kilomita 90 kwa saa, mizunguko ya injini kwa dakika imeshuka kutoka kama 2,500 hadi 2,270. Kwa injini ya lori hiyo ni nafuu kubwa.

Mtikisiko ndio haujaisha. Maunting laini (mipira inayoshikilia injini) na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kupandishwa hadi 750 kwa dakika vimepunguza, lakini ikizimwa bado inarusha bodi. Tena maunting laini zimeishusha injini: donge la udongo wa kufinyangia nililobandika juu ya diff ya mbele ili kupima nafasi lilibanwa na sampu (bakuli la oili chini ya injini) likabaki milimita 8. Naongeza springi ngumu zaidi mbele kabla ya kuingia porini.