MJADALA: Picha ya mshukiwa kwenye kundi la mtaa, irushwe au isirushwe?

Wanajamvi, naomba tulijadili hili bila jazba. Karibu kila mtaa wa mjini sasa una kundi lake la WhatsApp. Humo ndimo tunamojua maji yanakatwa lini, nani kafiwa, mkutano ni saa ngapi na gari la nani limeziba njia. Hayo sina ugomvi nayo. Ninalotaka tulijadili ni moja: mtu akishukiwa wizi au ubaya mwingine, je, kundi la mtaa lina haki ya kurusha sura yake kabla hakijathibitika chochote?

Mimi nasema halina. Ila wanaotaka irushwe wana hoja, na nisingependa tuzipite juujuu. Wanasema polisi huchelewa. Wanasema mwizi wa mitaani anaishi kwa kutojulikana, na sura yake ikishaingia kwenye simu za watu mia tatu, hana pa kujificha. Wanasema tena kwamba hakuna gazeti litakaloandika kuhusu betri ya gari iliyoibwa uani kwa mtu, kwa hiyo wakazi wasiposema wenyewe, hakuna wa kuwasemea. Hili la magazeti ni kweli kabisa. Marekani peke yake imepoteza magazeti zaidi ya 2,500 tangu 2005, mengi yakiwa yale madogo ya kila wiki yaliyoandika mambo ya miji midogo na vitongoji. Kazi ya mwandishi imeangukia kwa yeyote mwenye simu. Ila mwandishi alikuwa na sharti moja ambalo halikuhamia huku: kabla ya kuchapa tuhuma, amtafute anayetuhumiwa amsikilize.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Hebu kila mmoja aangalie orodha ya waliomo kwenye kundi la mtaa wake. Utawakuta wenye nyumba, wapangaji waliokaa muda mrefu, viongozi wa mtaa. Halafu aangalie ni nani wanaoshukiwa kila kitu kinapopotea: dada wa kazi, fundi aliyekuja kuziba paa, kijana wa kuzoa taka, mchuuzi anayepita na bidhaa zake, mpangaji aliyehamia juzi. Hawa hawamo. Picha ya mmoja wao inarushwa, inajadiliwa, hukumu inatoka, naye bado anakatiza mtaa uleule akishangaa kwa nini watu wanamkodolea macho. Wengine huuliza, "Kama hana hatia, si ajitetee?" Ajitetee wapi, na kundi lenyewe hajui kama lipo?

Ujumbe wenyewe mnaujua ulivyo. Picha imekatwa kutoka kwenye kamera ya getini, ni usiku, sura haisomeki vizuri, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mkono mmoja uko kwenye komeo. Chini yake: "Huyu ndiye mwizi wetu, sambaza haraka." Hakuna saa. Hakuna anayesema ameona nini kikichukuliwa. Hata kama kuna kilichoibwa hatuambiwi. Mmoja anaandika, "Anafanana na yule kijana wa kwa fulani." Wa pili anaondoa "anafanana" na kuweka "ni". Wa tatu anatia jina. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayejiona kasema uongo, na tayari kuna mtu mwenye jina na pa kukaa ambaye ameitwa mwizi.

Atakayesema nakuza mambo, aikumbuke India ya 2018. Uvumi wa watekaji wa watoto ulienea kwa WhatsApp, na watu zaidi ya 20 wakauawa na makundi yenye hasira, wengi wao wakiwa wapita njia na wageni wa eneo husika. Moja ya video zilizochochea hofu hiyo ilionyesha watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Ilikuwa imekatwa kutoka kwenye filamu fupi ya kuelimisha wazazi, iliyotengenezwa Karachi, Pakistan. Katika filamu nzima mtoto anarudishwa palepale na bango la tahadhari linainuliwa. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichoondolewa. Mwaka huohuo WhatsApp ikaweka kikomo India cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano tu kwa mkupuo, na Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima.

Wala si jambo la nchi maskini tu. Mei 2021, wakati wa moto wa nyika Los Angeles, programu ya habari za usalama wa mitaa iitwayo Citizen ilirusha picha ya mtu asiye na makazi ikidai ndiye aliyewasha moto huo, na kutangaza zawadi ya dola 30,000 kwa atakayesaidia akamatwe. Hakuwa yeye. Kampuni ile ina wafanyakazi na wahariri, na bado ilimwangukia mtu asiyehusika. Kundi letu linaendeshwa na jirani mmoja, na usiku anakuwa amelala.

Wapo wanaojibu kwamba tukikosea tutafuta. Kufuta kwa wote kunaondoa ujumbe kwenye kundi lile tu. Nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine zinaendelea na safari yao.

Picha ya mtoto aliyepotea naitenga na hizi, na ninaunga mkono irushwe mara moja, mradi mzazi amekubali na iwe na tarehe pamoja na namba ya kupiga. Ila "amepatikana" haisambai kama "amepotea". Watoto waliokwisha kurudi nyumbani bado wanatafutwa kwenye simu za watu wasiowajua, kwa sababu ujumbe haukuwa na tarehe.

Ninachopendekeza ni tutangaze tukio, sura tuiache. Saa ngapi, upande gani wa mtaa, kimechukuliwa nini, mlango ulifunguliwaje: hayo yanamsaidia jirani afunge dirisha leo usiku. Picha ya kamera ipelekwe polisi, ibaki huko. Anayeandika aseme kama ameona mwenyewe au amesikia. Mwaka 2016, baada ya malalamiko kwamba majirani huko Oakland, Marekani, walikuwa wakiripoti watu kwa sababu ya rangi ya ngozi yao tu, mtandao wa majirani uitwao Nextdoor ulibadilisha fomu yake: ukitaja rangi ya mtu, lazima uongeze maelezo mengine kama nywele, nguo au viatu. Kizuizi kidogo tu, lakini kinamlazimu mwandishi ajiulize ameona nini hasa. Nasi tunaweza kumpa msimamizi wa kundi ruhusa ya kuondoa ujumbe wowote unaomwita mtu mwizi bila kusema ameiba nini na nani alimwona.

Najua pendekezo langu lina gharama. Kuna siku mwizi wa kweli ataponyoka kwa sababu sura yake haikurushwa, na aliyeibiwa ataniuliza mimi. Niko tayari kulibeba hilo kuliko kijana wa watu kupigwa kwa picha ya usiku.

Sasa nataka kusikia kwenu, hasa mnaosimamia makundi haya. Mmeweka masharti gani? Na kama imewahi kutokea mkamrusha mtu asiyehusika, mlimsafisha vipi, na kuna aliyemfuata ana kwa ana kumwomba radhi?

Nawasilisha.