Kila idara inasema kazi yake ndiyo nyeti, nachujaje?

mpakia_maboksi: Wakuu habari zenu. Niko kampuni ya kusambaza dawa kwa jumla hapa Dar, sio kubwa. Bosi kanipa kazi ya kuandaa mpango wa kuendelea na biashara ikitokea janga, moto, mafuriko, mtandao kukata, chochote, na cha kwanza eti nitambue shughuli nyeti. Nikatuma fomu kila idara, zimerudi kila mtu kaweka tiki kwenye za kwake zote. Naanzia wapi?

Kitasa77: Fomu ndo imekuponza mkuu. Nani atakujazia kwamba kazi yake sio nyeti alafu kesho apunguzwe? Kaa nao uso kwa uso, uliza hii ikisimama masaa manne kinaharibika nini, siku nzima je, siku tatu, wiki, na nani atakuwa wa kwanza kupiga simu kulalamika. Chukulia chumba chenu cha baridi, insulini inakaa nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikata na jenereta likagoma huna muda wa kuitisha kikao, na kijana wa stoo akijifanya anaokoa jahazi akalundika barafu juu ya maboksi insulini ikaganda, nayo imekwisha hiyo, haiuziki. Semina ya wafanyakazi ikiahirishwa mwezi mzima nani atajua?

mama_mahesabu: Sawa ila angalia na tarehe. Mishahara ikikwama tarehe 10 hakuna anayeshtuka, ikwame tarehe 28 uone. PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa ndani ya siku 7 mwezi ukiisha, ritani ya VAT tarehe 20. Sasa ukimhoji mhasibu katikati ya mwezi atakwambia wiki inavumilika, na hadanganyi, wewe andika ule wakati mbaya kuliko wote.

fundi_seva: Alafu watu wa IT watakuandikia "seva". Seva ni kifaa bana, shughuli ni kupokea oda, kutoa mzigo, kukusanya hela. Chini ya kila shughuli ndo uandike inategemea nini, mtu gani, sistimu gani, gari, umeme. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika mnakumbuka intaneti ilivyokuwa, mzigo uko stoo, mteja yuko mlangoni na hela mkononi, ila bei ziko kwenye sistimu ya mtandaoni haifunguki. Daftari la bei lililochapishwa tu lingeokoa siku.

mpakia_maboksi: Asanteni sana, leo nimejaribu kwa mtu wa stoo. Kumbe funguo ya chumba cha baridi anayo mmoja tu na anakaa Kibaha 😅 kwenye fomu hakuandika hata kidogo. Tatizo limebaki kwa watu wa mauzo, wanasema zao zote haziwezi kusimama hata lisaa.

Kitasa77: Usibishane nao. Waambie sawa, kila mnayosema haivumilii lisaa tuandike na mbadala wake na bei yake, mtu wa akiba, laini ya pili ya intaneti, gari la kukodi, alafu karatasi ipande kwa bosi asaini. Wakiona bajeti inatoka kwenye fungu la idara yao utashangaa lisaa linavyogeuka siku mbili. Na hiyo funguo chongesha nyingine kesho asubuhi, usisubiri mpango uishe.