Sindano au vijiti vya uzazi wa mpango, ikiwa tunataka mtoto wa pili baada ya miaka miwili?

Mama wa Koboko:
Hamjambo. Mtoto wetu ana miezi minne, ananyonya tu, hedhi haijarudi. Mimi na mume wangu tumekubaliana kutafuta wa pili huyu akifika miaka miwili. Yeye anataka nichomwe sindano ya miezi mitatu, mimi naona vijiti vya kuwekwa mkononi. Tuamueje?

Mkunga Arua:
Dada, mmeanza vizuri, miezi 24 mwili unaihitaji. Sasa hesabuni kutoka tarehe hiyo mkirudi nyuma. Vijiti vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano hutoka mwilini polepole: wengi hushika mimba miezi 9 au 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine huchelewa zaidi. Basi ya mwisho ichomwe mtoto akiwa na miezi 14 au 15, na miezi mitatu yake ikiisha mtumie kondomu hadi wakati wenu, maana kuna wanaowahi. Shemeji alijue hili mapema! Ugomvi huanzia hapo: mke ameacha sindano, miezi inapita, ukweni wanasema tumbo limeharibika. Halijaharibika.

Nesi wa kliniki ya wazazi:
Kwa mpango wenu, vijiti. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Jadelle ni viwili, miaka 5. Hutolewa siku yoyote mnayotaka. Ila kabla ya kuwekewa uliza kama hapo yupo anayejua kuvitoa. Ukishawekewa, vipapase chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono. Usipovigusa, rudi uangaliwe. Matone ya damu miezi ya mwanzo ni kawaida. Ukiwa kwenye rifampisini ya TB au efavirenzi ya VVU, sema, kwani hupunguza nguvu ya vijiti. Na msingoje hedhi: mtoto akianza uji au akitimiza miezi 6, kunyonyesha si kinga tena.

VHT (mhudumu wa afya wa kijiji), Moyo:
Mkiamua sindano, ipo Sayana Press ya kujichoma mwenyewe, tumboni au pajani, mhudumu akishakufundisha. Tikisa sekunde 30. Sukuma kifuniko cha sindano mpaka mwanya kati yake na kifuko cha dawa ufungike kabisa, usipofungika dawa haitoki. Vua kifuniko, finya ngozi, choma, bonyeza kifuko polepole sekunde 5 hadi 7. Usipasugue. Iliyotumika itie kwenye kopo lenye mfuniko, umrudishie VHT wako, na tarehe ya miezi mitatu mume aiandike kwenye simu yake pia.