Peabody ya London: fedha za nyumba hutoka wapi?

Swali: Ndugu wachangiaji, naomba kueleweshwa jinsi Peabody, taasisi ya nyumba za gharama nafuu jijini London, ilivyoanza, na kama bado inategemea fedha za mwanzilishi wake.

Jibu la kwanza: Ilianzishwa mwaka 1862 na George Peabody, mwanabenki wa Kimarekani, aliyetoa pauni 150,000; pamoja na michango yake iliyofuata na wasia wake wa mwaka 1869, jumla ilifikia pauni 500,000. Majengo ya kwanza yalifunguliwa Spitalfields mwaka 1864. Masharti yalikuwa makali kwelikweli: asiyechanjwa ndui hakupewa chumba.

Jibu la pili: Naongeza kuhusu fedha, maana hapo ndipo penye uzito. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1974 ilileta ruzuku kubwa ya serikali, lakini ile ya mwaka 1988 ilizisukuma taasisi za nyumba kama hii kukopa benki na kuuza hati fungani (hati za mkopo kwa wawekezaji), nyumba zenyewe zikiwa dhamana na kodi za wapangaji zikilipa riba.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe riba ikipanda, mpangaji naye huguswa?

Jibu la pili: Huguswa, hasa kupitia matengenezo yanayoahirishwa, kwa kuwa kiwango cha kupandisha kodi hudhibitiwa na serikali.