Mateka wa Kitaliano waliojenga barabara ya Mai Mahiu, walilipwa ama?

msafiri_wa_usiku: Wadau, kila nikishuka ule mteremko kwenda Naivasha naona kile kikanisa kidogo kando ya barabara, naambiwa kilijengwa na mateka wa Kitaliano 1942 na barabara yenyewe ni jasho lao pia. Hivi ni halali kumkamata mwanajeshi halafu unampa sururu? Na walilipwa?

babu_ramani: Halali kabisa, Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu, ila cheo ndo kilikuwa kila kitu. Askari wa kawaida anapangiwa kazi, sajenti anasimamia tu, afisa hashiki sururu mpaka aombe mwenyewe. Na kazi isihusiane moja kwa moja na mapigano, yaani hawawezi kukubebesha risasi za kwenda kuua wenzako. Malipo yalikuwepo lakini kiduchu, Marekani ilikuwa senti 80 kwa siku na hata hizo wanapewa kuponi za duka la kambini, mtu asije akajiwekea nauli ya kutorokea 😂

Kibiriti: Hapo kwa "mapigano" ndo palikuwa na ujanja. Visiwa vya Orkney kule Scotland, nyambizi ya Wajerumani ilipenya bandari ya Scapa Flow Oktoba 1939 ikazamisha manowari Royal Oak, watu zaidi ya 800 wakafa, basi Churchill akaamuru mianya ya bahari izibwe. Wataliano wakaletwa kupanga matofali ya zege, wakagoma, hii si kazi ya kijeshi jamani? Wakaambiwa aah, hizi ni barabara za wananchi za kuunganisha visiwa. Wakarudi kazini. Ukweli magari yanapita juu mpaka leo, lakini nani asiyejua zilianza kwa ajili ya nini. Na huko pia walijenga kanisa, kwa vibanda viwili vya mabati!

msafiri_wa_usiku: Duh. Na Italia si ilisalimu amri 1943, mbona hawakurudishwa kwao?

babu_ramani: Meli za kuwabeba zilikuwa vitani na mikono yao ilihitajika, wengi wa Kenya walikaa mpaka 1946 hivi. Kukaa bure nako kunatesa, Januari 1943 watatu walitoroka kambi ya Nanyuki wakaenda kupanda Mlima Kenya, wawili wao wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Wakapigwa siku 28 za selo, kamanda akawapunguzia zikawa 7.